Mazoezi Kwa Mama Zetu Na Dada Zetu: Mwili Wa Mwanamke Una Hesabu Yake



Baada ya kumhimidi Allaah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu juu ya jambo ambalo katika kurasa kama hizi ama halisemwi kabisa, ama husemwa nusu nusu kwa sababu ya haya. Nalo ni mazoezi ya mwili kwa wanawake wetu: mama zetu, wake zetu, dada zetu na mabinti zetu walioko masomoni. Hatukusudii kujadili kama mazoezi yanamfaa mwanamke wa Kiislamu. Hilo tunaona limekwisha. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini akamshinda, na baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Kila mwaka tunapoisomesha hadithi hii watoto hucheka, nasi huwaambia watazame jambo moja ndani yake: mwili wa Bibi Aisha haukuwa ule ule mara zote mbili, na hilo halikufichwa wala halikufanywa aibu.

Swali letu leo ni jingine. Haya mazoezi wanayopewa wanawake yamepimwa kwa mwili wa nani?

Sisi ni walimu wa madrasa hapa Nyamirambo, Kigali. Tumevuka miaka arobaini, na somo letu kubwa ni fiqhi. Udaktari hatuna. Tutakayoyasema juu ya mwili tumeyapata kwa bibi mmoja mkunga mstaafu, mwenye asili ya Ujiji, ambaye amewapokea duniani wanafunzi wetu wengi, na kwa mama watoto aliyekaa naye na kuandika anayoyasema. Kisha tukayalinganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020.

Wasomaji walioko nje ya Rwanda wajue kwamba mji wetu una desturi ya mazoezi. Tangu mwaka 2016 zipo Jumapili ambazo barabara kubwa hufungwa asubuhi, magari hayapiti, na watu hutoka kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili. Wahudumu wa afya huwepo na kuwapima watu presha na sukari. Ni jambo jema, na wake zetu wengi hutoka kutembea na hijabu zao. Lakini inapofika zamu ya kuruka na kunyoosha viungo kwa muziki, hadharani, wanaume na wanawake pamoja, wengi wao hugeuza njia wakarudi nyumbani. Ndipo kina mama wa mtaani kwetu wakaomba wapewe ua wa madrasa asubuhi, watoto wakiwa shule. Ua una ukuta mrefu, lango lina komeo, na simu zote huwekwa kwenye kikapu pale mlangoni. Kamati ya msikiti ikakubali.

Programu yao ya kwanza iliandikwa na kijana mmoja, kocha wa timu ya mpira ya mtaa. Aliiandika kwa nia njema kwenye karatasi moja ya daftari, na dada yake akaisimamia: kuruka kamba dakika 10, kuruka huku mikono na miguu ikifunguka na kufungika mara 50, pushapu 20, kulala chali na kunyanyua kiwiliwili mara 40, kisha kupanda na kushuka ngazi mbio. Ilikuwa karatasi ya vijana wa miaka ishirini wanaojiandaa kwa ligi. Hakuna mstari uliobadilishwa, isipokuwa juu yake paliongezwa maneno "Kina Mama".

Wiki ya kwanza ua ulijaa. Wiki ya tatu haukufika nusu. Mmoja ana mgeni, mwingine hana wa kumwachia duka, wa tatu mguu unauma. Barazani wanaume wakaanza kusema kwamba wanawake wetu wanapenda kuanza mambo na hawapendi kuyamaliza. Sisi hatukuona ajabu sana kwamba mtu anaacha. Tuliona ajabu kwamba walioacha ni wale wenye watoto, na waliobaki ni mabinti ambao hawajazaa.

Jibu lilikuja kupitia mlango ambao maswali ya wanawake huja siku zote nyumbani kwetu, yaani jikoni, kwa mama watoto, baada ya Isha. Alikuja mama mmoja wa watoto wanne, mdogo wao akiwa na miezi minane. Tumepewa idhini ya kuisimulia habari hii bila jina. Hakuuliza habari za mazoezi. Aliuliza habari za udhu. "Mama mwalimu, nikiruka kamba mkojo unanitoka kidogo. Nikikohoa pia. Je, udhu wangu upo?" Kisha akasema neno ambalo lilimfanya mama watoto aje kutuamsha: kwamba Ramadhani iliyopita hakuswali tarawehe msikitini hata usiku mmoja, kwa kuogopa kutokwa akiwa safuni na harufu ikawafikia wenzake. Mumewe alidhani ameacha kwa uvivu, naye hakumwambia kitu.

Jibu la fiqhi tulilitoa usiku ule ule, na tunaliandika hapa kwa kuwa tunajua wapo wengine wanaolihitaji. Mkojo hutengua udhu, hata ukiwa tone, na mahali ulipofika hapana budi paoshwe. Ambaye humtoka mara moja moja, akiruka au akikohoa, huyo anajisafisha, anatawadha upya na kuswali. Hahesabiwi katika wenye udhuru wa kudumu. Mwenye udhuru wa kudumu ni yule ambaye hapati katika muda wote wa swala nafasi ya kutawadha na kuswali bila kutokwa. Huyo katika madhhab yetu ya Imam Shafi anangoja wakati uingie, anajisafisha, anajifunga kitambaa au pedi, anatawadha na kuswali bila kuchelewa, na kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Anafanya hivyo kwa kila swala ya faradhi. Aliye katika hali ya kwamba akisimama kinamtoka na akikaa kinazuilika, wanachuoni wetu wamesema aswali kwa kukaa. Ama anayehisi tu kwamba huenda kimetoka, bila ya yakini, yuko katika udhu wake na asiufungulie mlango wasiwasi. Kuna mtu hubadilisha nguo mara nne kwa swala moja, na huo ni mtihani mwingine.

Hapo fiqhi ilikuwa imetoa haki yake, lakini mama yule alikuwa bado anatokwa. Siku ya pili yake mama watoto akaenda kwa bibi mkunga.

Bibi hakushangaa. Alisema katika kina mama aliowahudumia jambo hili ni la kila siku, na halisemwi kwa sababu kila mmoja anadhani ndivyo uzazi unavyolipwa, kwamba ukishazaa huna budi kuishi hivyo. Akaeleza kwa mfano. Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa mbele mpaka kifandugu kwa nyuma, kuna misuli iliyotandwa kama kitanda cha kamba. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana. Mimba hukikalia kitanda hicho miezi tisa, kisha mtoto hupita katikati yake. Kamba hulegea. Mwenye kukohoa, kucheka, kubeba ndoo au kuruka hushindilia kutoka juu, na kamba zilizolegea hazihimili. Tena misuli ya mbele ya tumbo, ile inayoshuka kutoka kifuani mpaka kinenani kwa mistari miwili, huachana katikati wakati wa ujauzito ili mtoto apate nafasi. Kwa wengine hurudiana yenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa wengine hubaki imeachana. Mama wa namna hii ukimlaza chali na kumwamrisha anyanyue kiwiliwili mara 40, tumbo hutoka katikati kama mgongo wa mashua, na kitanda cha chini kinashindiliwa kila mara.

Hebu sasa irudieni karatasi ya kocha. Kamba, kuruka, kunyanyua kiwiliwili, mbio za ngazi. Karibu kila mstari ulikuwa unapiga pale pale palipo dhaifu. Mama watoto alipowazungukia walioacha, mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake na bila ya wakwe kusikia, aliwapata kadhaa wenye shida ile ile. Mmoja wao alikuwa na miaka sita nayo na akidhani yuko peke yake katika Kigali nzima.

Kamba za kitanda hukazwa. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya misuli hii mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tiba ya mwanzo inayoshauriwa, kabla ya dawa na upasuaji. Yanafanywa hivi: mtu hukaza kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, akivuta kwa ndani na juu. Mapaja na makalio yamelegea, pumzi inaendelea, uso haukunjwi. Anashikilia kwa hesabu ya sekunde chache, anaachia kwa muda ule ule au zaidi, na anarudia mara 8. Mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 isiyokatika. Anayeanza akiwa dhaifu sana ajilaze. Na asifanye mazoezi haya kwa kuukatisha mkojo akiwa chooni, kwani hilo likiwa mazoea huharibu namna kibofu kinavyojimwaga.

Bibi mkunga, kwa hekima yake, aliwaambia waambatanishe na swala: ukishatoa salamu na kumaliza nyiradi, ukiwa bado juu ya mswala, fanya mara 8. Sisi tulisisitiza tu kwamba iwe nje ya swala yenyewe, isije baada ya miaka ishirini watu wakauliza kama ni sunna. Ikaenda vizuri wiki mbili. Kisha ikaonekana wengi wanakatiza siku sita au saba halafu wanaanza upya kwa uvivu. Mabinti ndio waliotueleza kwa kupitia mama watoto, huku wakicheka: aliye katika hedhi haswali, hivyo haketi juu ya mswala, hivyo anasahau. Ikabidi wabadilishe. Sasa wanafuata adhana inayolia kwenye simu, kwa maana adhana humfikia kila mtu, awe twahara au asiwe.

Hilo la hedhi ndilo lililotufanya tuandike. Katika madrasa zetu mtoto wa miaka kumi anahifadhi kutoka Safina kwamba uchache wa hedhi ni mchana na usiku mmoja, ghalibu yake ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku 15. Kwamba ghalibu ya nifasi ni siku 40 na wingi wake ni 60. Anazisema hesabu hizi kwa sauti moja na wenzake bila hata kujua ni za nini. Zilitoka wapi hesabu hizi? Palipokosekana andiko lililozipanga siku moja kwa moja, wanachuoni walizifuatilia kwa wanawake wenyewe, wakaangalia hali zao na wakapokea habari zao. Mwanamume mwenye elimu alikaa akasikiliza mwanamke anasemaje juu ya mwili wake, na juu ya maneno hayo ikajengwa hukumu ya swala, saumu, talaka na eda. Sheria ikamwondolea swala mwenye hedhi bila ya kulipa, ikamwahirishia saumu, ikampa ruhusa mjamzito na mwenye kunyonyesha wanapohofia nafsi zao au watoto wao. Dini imempimia mwanamke ibada kwa kuangalia hali zake, na ibada ni jambo kubwa kuliko pushapu. Sasa inakuwaje karatasi ya mazoezi isimuulize hata swali moja?

Wala si makocha wa mitaani tu. Wakubwa wa elimu ya kisasa nao walichelewa. Marekani mwaka 1977 mamlaka yao ya dawa ilishauri wanawake wenye umri wa kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa, na shauri hilo halikuondolewa mpaka 1993. Mbio za marathoni za wanawake ziliingia katika Olimpiki mwaka 1984 tu, pale Los Angeles. Basi tusidhani kila kilichoandikwa katika vitabu vya mazoezi kimewaangalia dada zetu.

Baada ya hapo ua wetu ukaanza upya. Kila anayejiunga hukaa kwanza na bibi mkunga pembeni, kwenye chumba cha vitabu, na huulizwa maswali: umezaa lini na kwa njia gani, kuna kinachokutoka ukikohoa, unahisi uzito wowote chini, hedhi yako ikoje, una presha au sukari, unanyonyesha. Hulazwa chali magoti yakiwa yamekunjwa, akaambiwa anyanyue kichwa kidogo, na bibi hupima kwa vidole juu na chini ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati, huyo hanyanyui kiwiliwili kwa sasa. Badala yake hulala chali na kunyanyua nyonga, husukuma ukuta kwa mikono, hukaa kwenye kiti na kuinuka bila ya kushika kitu. Na wote wamefundishwa kutoa pumzi wakati wa kunyanyua, wasiibane, kwa sababu pumzi iliyobanwa nayo hushindilia kitanda. Hata ndoo ya maji nyumbani wananyanyua hivyo sasa.

Yule mama wa watoto wanne alianza kuona tofauti mnamo wiki ya saba au ya nane. Kamba hakurudi kuiruka mpaka mwezi wa tano. Ramadhani ilipofika alichagua safu ya nyuma karibu na mlango, na alhamdulillaah aliswali.

Hatutaki mtu aelewe kwamba kila kitu hupona kwa mazoezi. Mmoja katika wenzao alikuwa anahisi kitu kinashuka, na bibi mkunga alimtambua papo hapo kuwa ni kizazi kilichoshuka. Huyo alipelekwa hospitali na mazoezi yake yanapangwa huko. Na anayetokwa na mkojo mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu mrefu wa kuzaa, huyo huenda ana fistula. Fistula ni tundu, haikazwi kwa mazoezi, na inatibika kwa upasuaji. Asikae ndani miaka akisubiri. Tunawaomba sana waume wenye wake wa hali hii wawachukue wao wenyewe.

Ama ujauzito, tumeona hofu nyingi kuliko inavyostahiki. Mwongozo wa mwaka 2020 tulioutaja unasema mjamzito na aliyejifungua, ambao hawana kizuizi cha kidaktari, wafanye walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambayo ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo chake ni rahisi: atembee kiasi kwamba anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kaswida. Vilima vya Nyamirambo vinatosha, hahitaji mashine. Mimba ikikua asilale chali kwa muda mrefu, na akiona damu, maji, kizunguzungu, maumivu ya kifua au uchungu, aache na aende zahanati. Baada ya kujifungua, zile siku 40 za kupumzishwa ambazo bibi zetu walizishikilia zina hekima kubwa, ingawa kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Kutembea ndani ya nyumba na kukaza misuli ya chini huweza kuanza mapema, akiwa hana maumivu. Kukimbia kunangoja. Wataalamu wa Uingereza mwaka 2019 walishauri mzazi asirudi kwenye mbio kabla ya miezi 3, na hata hapo aangaliwe kwanza. Aliyepasuliwa ana jeraha la tumbo, huyo amsikilize daktari wake.

Kwa mabinti wanafunzi tuna maneno mawili. La kwanza ni damu. Msichana anayeona hedhi nzito kila mwezi, anayekunywa chai kwa kila mlo, kisha anaanza mazoezi makali, ataishiwa nguvu na ataambiwa hana bidii. Huenda ni upungufu wa madini ya chuma. Apimwe. Ale dodo, maharage na nyama inapopatikana, aweke ndimu au chungwa pembeni, na chai aiweke mbali na chakula, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. La pili ni kinyume chake. Tumewahi kuulizwa na mwanafunzi wa chuo, kupitia mama watoto, kuhusu kulipa saumu, na katika maelezo yake akataja kwa furaha kwamba tangu aanze kukimbia na kupunguza chakula hajaona hedhi miezi minne, kwa hiyo Ramadhani ile alifunga yote. Tulimwambia saumu zake ni sahihi inshaa Allaah, lakini furaha aiweke kando. Hedhi kukatika kwa binti mdogo asiye na mimba ni mwili unaolia kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayoifanya, na mifupa yake ndiyo inayolipa. Alitakiwa aende kwa daktari na aongeze sahani.

Na magoti. Yule kocha kijana, Allaah amjaze kheri, hakukasirika karatasi yake ilipobadilishwa. Alikuja na swali la timu ya wasichana wa shule anayoisimamia: mbona magoti yao yanateguka zaidi ya wavulana? Ni kweli, wasichana huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi wanapotua na kugeuka ghafla, na kufundishwa namna ya kutua, magoti yakiwa yamekunjwa na yasiingie ndani, hupunguza hatari hiyo. Sasa anaanza nayo kila siku kabla ya kugusa mpira.

Mama zetu waliokwisha koma hedhi ndio tunaowaonea huruma zaidi, kwa sababu watu huwaambia wapumzike. Hedhi ikikoma, mifupa hupungua uzito kwa kasi, na mfupa huutaka mzigo ili ubaki imara. Kwa hiyo wao hapa uani hunyanyua chupa za lita moja zilizojazwa mchanga, husimama kwa vidole, husimama kwa mguu mmoja huku wameshika ukuta. Kuanguka bafuni wakati wa kutawadha kumeshawavunjia nyonga bibi wawili katika mtaa wetu. Nao hupata jua la asubuhi pale uani bila ya kuonekana na mtu, jambo ambalo kwa wenye kujistiri na kukaa ndani lina faida ya mifupa pia.

Yapo maneno ambayo tumeyasikia barazani. La kwanza, kwamba mwanamke anapiga deki, anafua, anabeba mtoto mgongoni, mazoezi ya nini tena? Wanaosema hivi hawajui kwamba kazi za nyumbani humwinamisha upande mmoja siku nzima. Zinamchosha mgongo, na kitanda cha kamba zinakishindilia. Na wengi wa wake zetu siku hizi wanakaa dukani au kwenye cherehani saa nane, wanarudi kwa pikipiki. La pili, kwamba mambo haya ni ya aibu kuandikwa na mwalimu. Wanawake wa Ansari walikuwa wakimuuliza Mtume (S.A.W.) namna ya kuoga hedhi, na Bibi Aisha (R.A.) akawasifu kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Yule mama aliyekosa tarawehe mwezi mzima, haya ilimsaidia nini?

Kwa waume tunaomba kidogo. Mkeo akisema hawezi kuruka au hawezi kukimbia, usimwambie mvivu, muulize kwa upole akiwa peke yake. Asubuhi mbili kwa wiki mshikie mtoto, ukiweza. Na pesa ya sidiria nzuri inayobana na viatu visivyoteleza ni katika matumizi ya lazima, usiihesabu kuwa anasa.

Kina mama wa Biryogo, Rwezamenyo na mitaa ya jirani wanakaribishwa Jumatatu na Jumatano saa tatu asubuhi, ua wa madrasa, mlango wa nyuma. Waje na mkeka, chupa mbili za mchanga na nguo za kujistiri za kutosha. Mwenye mtoto wa kunyonya aje naye, amnyonyeshe kwanza kabla ya kuanza. Bibi mkunga huwa na mkeka wake wa watoto kivulini. Anayekuja mara ya kwanza afike nusu saa kabla, kwa ajili ya maswali.

Wabillaahi tawfiiq.